Shayiri ina viraka, ngano ina masuke meupe matupu, nimepiga dawa mara mbili wapi. Msaada wakuu

MkulimaWaSimu
Jumatatu, saa 3 usiku

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Tabata hapa lakini tatizo langu liko Hanang, si mnajua tena kilimo cha simu, mi natuma hela mdogo wangu anatuma picha. Tuna heka 35, 20 ngano na 15 shayiri, dogo yuko kule muda wote na sio mvivu, nasema mapema msije mkamrukia yeye.

Sasa iko hivi. Tulipanda mwisho wa mwezi wa pili. Shayiri ilivofikisha kama wiki nne ikaanza kutoa viraka, yani shamba liko vizuri alafu ghafla unakuta duara, moja dogo kama meza ya mama ntilie, jingine unaegesha Coaster mbili humo ndani, mimea imedumaa imesimama kama imegoma, majani yana kauzambarau flani, ukitoka hatua mbili tu nje unakuta shayiri imenona haina habari. Tukasema mbolea, tukaongeza ya kukuzia, duara likabaki duara. Nikaenda Kariakoo duka moja la pembejeo, jamaa kaangalia picha kwenye simu kama sekunde tano, fangasi hiyo kaka, kanipa dawa ya kutu ya ngano, laki na themanini, dogo akapiga shamba zima. Kimya.

Ngano yenyewe ilikua inapendeza hadi nikaanza kuulizia kombaini. Imetoa masuke majuzi, sasa katikati ya masuke mabichi kuna mengine meupeee kama yamekomaa kabla ya wenzao, ukilipekecha kwenye kiganja ni makapi matupu. Nikarudi kwa jamaa, kasema rudia, nikarudia, laki na themanini nyingine. Kama kweli ni fangasi basi walioga tu wakaendelea na kazi zao.

Naomba kujua, udongo umekufa? Kuna dawa ya kumwagia chini? Kuna mtu kaniambia nichome mabua yote moto, mwingine kasema niachane na shamba ninunue bajaji. Historia ya shamba ni kwamba huu mwaka wa nne ni ngano na shayiri tu, marehemu mzee alikua anachanganya mahindi na ngwara, ile jamii ya maharage, ila sisi tuliona ngano ndo hela. Nawasilisha.

ChapatiMoto
Jumatatu, saa 3 na nusu

Pole mkuu. Mi nauza chapati Buguruni nimeingia nikidhani uzi wa bei ya unga. Alafu nimewaza kitu, miaka yote nakanda ngano sijawahi kuona mzizi wake hata siku moja. Naweka kigoda hapa nasubiri wataalamu.

mzizi_mkuu
Jumatatu, saa 4 usiku

Mleta uzi pole, na usirudi kule dukani mara ya tatu. Dawa ya kupulizia ikishaingia kwenye jani inasafiri kupanda, inaelekea ncha ya jani, haishuki kwenda mizizini. Kutu iko juu kwenye majani na shina ndo mana pale inafanya kazi. Jamaa hakukuuzia dawa feki, kakuuzia dawa ya ghorofani wakati moto uko chini kabisa.

Sasa kabla mtu yeyote hapa hajakutajia jina la dawa, mwambie dogo achukue jembe. ACHIMBE, asing'oe, ukiing'oa mizizi iliyooza inakatikia ardhini unabaki umeshika ile mizima unasema mbona iko poa. Achimbe na donge lake la udongo, na asichimbe katikati ya kiraka maana pale mimea imeshakufa na wamejaa wadudu wengine waliokuja msibani tu, achimbe pembeni ya kiraka pale kinapoishia, na michache mizima ya kulinganisha. Aloweke kwenye ndoo nusu saa, asuuze polepole, alafu aitandaze kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo ndo apige picha. Kwenye kiganja cha mkono mweusi wa udongo hutaona kitu.

Cha kuangalia. Mizizi ikiwa myeusi tii kama mkaa na weusi unapanda hadi kwenye kitako cha shina ukibandua yale majani makavu ya chini, huo ni ugonjwa ambao wakulima wa Australia tangu karne ya 19 waliupa jina lenye maana ya kuchukua vyote, fangasi wake kisayansi anaitwa Gaeumannomyces, usijaribu kulitamka ukiwa umekula. Mizizi ikiwa imekatika katika na ncha zake ni kahawia zimechongoka kama mkuki, huyo ni rizoktonia, fangasi wa udongoni, na huyu ndo fundi wa viraka, na shayiri anaipenda kuliko ngano. Mizizi ikiwa haina vile vinywele vidogo, imebaki kama waya uliovuliwa plastiki, na mmea hauna kiraka maalum ila shamba zima limepoa tu halichangamki, mshuku pithiamu, mwozesha mizizi mwingine, hasa kama maji yalituama. Kitako cha shina kikiwa na rangi ya asali au kahawia na ndani kuna waridi kwa mbali, huyo ni fusari, fangasi mwingine.

Alafu nijibu swali moja muhimu kuliko yote, kabla ya kupanda mliua magugu na nini na mlikaa siku ngapi?

MzeeWaTrekta
Jumanne, saa 12 asubuhi

Mwanangu marahaba. Mimi nimeendesha trekta mashamba ya ngano ya NAFCO, lile shirika la kilimo la serikali, kule kule Hanang enzi za mradi wa Wakanada, sasa hivi nimestaafu niko Mbagala na kuku wangu. Nawasoma vijana mnataja majina makubwa makubwa, sawa, ila mimi nauliza haro, lile jembe la sahani la trekta. Mnalima na haro kila mwaka kina kile kile? Basi chini hapo inchi nne tano kuna sakafu. Chukua nondo nyembamba udongo ukiwa na unyevu uisukume chini kwa mkono, ikigota mahali pamoja kila unapojaribu ujue umejenga ukumbi wa harusi chini ya shamba. Mzizi haupiti, maji yanakaa juu yake, mzizi unaoza. Mengine yote yanafuata hapo.

Na hiyo miaka minne ngano juu ya ngano mnataka nini sasa. Baba yenu hakuwa mjinga kupanda ngwara. Rudisheni ngwara, wekeni na alizeti, shamba litapona lenyewe bila hela ya Kariakoo.

ChapatiMoto
Jumanne, saa 2 asubuhi

Ukumbi wa harusi 😂😂 shikamoo mzee

MkulimaWaSimu
Jumanne, saa 1 usiku

Mzee shikamoo, nondo ataijaribu kesho maana leo alikua na kazi ya ndoo. Nimeweka picha sita hapo juu, tatu za shayiri tatu za ngano. Mi kwa macho yangu naona hivi, shayiri mizizi ni mifupi alafu kweli kabisa imechongoka, kama mtu kachonga penseli kwa kisu. Ngano mizizi nyingi nyeupe tu, ila shina pale chini karibu na udongo ni kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea, na moja alilipasua kwa wembe kuna upinki ndani ingawa sina uhakika au ni simu yake.

Kuhusu magugu. Nimempigia dogo, kapiga glaifoseti alhamisi, trekta likapanda jumapili. Wingu lilikua limefunga na trekta ni la kukodi bhana, likija limekuja, ukimwambia subiri anaenda kwa jirani unarudi nae mwezi ujao. Kabla ya hapo shamba lilikua limejaa ngano na shayiri zilizoota zenyewe za punje zilizodondoka msimu uliopita pamoja na majani, ng'ombe walikua wanakula humo kuanzia mvua za mwezi wa kumi na moja, tukaona ni sawa si linasafishika.

mzizi_mkuu
Jumanne, saa 2 usiku

ALHAMISI NA JUMAPILI. Mkuu hapo ndo penyewe.

Nieleze vizuri maana hii kitu ni rahisi na ndo imekula shayiri yako. Rizoktonia hana mbegu za kupeperuka, anaishi kwa nyuzi nyuzi ndani ya udongo na kwenye mizizi, anahitaji mzizi wa kula. Msimu umeisha, kombaini limedondosha punje, mvua za vuli zimeotesha maotea, yani hizo ngano na shayiri zilizojiotea, basi yeye ana chakula mwaka mzima hajafunga hata siku moja. Ng'ombe anakula majani, mzizi unabaki, kwa hiyo ng'ombe hajasafisha kitu. Sasa ukipiga glaifoseti yale maotea yanakufa polepole, na mmea unaokufa kwa dawa hiyo unakua hauna nguvu ya kujikinga tena, fangasi anavamia ile mizizi yote kwa mara moja anaongezeka kupita kiasi. Siku ya tatu unamletea mche mchanga wa shayiri katikati ya karamu. Ukisubiri wiki mbili mpaka tatu ile mizizi inaoza, chakula kinaisha, bakteria na fangasi wengine wa udongoni wanamnyang'anya nafasi, anapungua. Hii walishaipima sana kule kaskazini magharibi ya Marekani kwenye ngano na shayiri, tofauti ya kusubiri siku tatu na kusubiri wiki tatu ilionekana kwenye mavuno, tena shayiri ndo iliyoumia zaidi ya ngano. Na mkulima hajaongeza hata senti moja, dawa ni ile ile, kabadilisha tarehe tu.

Na trekta la kukodi sio kisingizio, samahani kama naongea kwa ukali. Kupiga dawa ya magugu hakuhitaji trekta, ni bomba la mgongoni na vijana watatu. Ukiona mwezi wa kwanza unaisha wewe piga, trekta lije likija. Ikitokea majani mengine yameota hapo katikati ni madogo, mizizi yake ni chakula kidogo.

Mzee wangu shikamoo, kuhusu haro uko sahihi nusu. Rizoktonia kuvurugwa udongo hakupendi, zile nyuzi zinakatika, ndo mana wanaopanda bila kulima kabisa wanamuona zaidi hasa miaka ya mwanzo. Kinachotakiwa ni kuvuruga pale chini ya mbegu, jembe la mashine ya kupandia lishuke sentimita kadhaa chini ya mbegu na mbolea ya kupandia ikae hapo hapo chini yake au pembeni kidogo, mche wenye mizizi iliyoliwa nusu uikute bila kutafuta.

MzeeWaTrekta
Jumanne, saa 3 usiku

Nusu si haba mwanangu, mke wangu hajawahi kunipa hata hiyo nusu.

DadaHadubini
Jumatano, saa 7 mchana

Habari zenu. Nimefanya kazi maabara ya magonjwa ya mimea miaka kadhaa kabla sijahamia mambo mengine hapa mjini, niruhusuni niwapunguze kasi kidogo.

Kaka mleta uzi, kwa hizo picha nakubali shayiri inafanana na rizoktonia na ngano inafanana na fusari ya kitako. INAFANANA. Masuke meupe yana baba wengi, ukame wa ghafla unaleta, funza wa shina analeta, huyo mwenye mizizi ya mkaa analeta, fusari analeta. Kama mizizi ya ngano ni myeupe kama unavosema basi huyo wa mkaa tumuweke pembeni. Viraka navyo vina baba wengi, kuna minyoo midogo ya mizizi isiyoonekana kwa macho, na wengine wakila mzizi wa ngano unakua na matawi matawi kama ufagio na kipindi cha kuchanua unaweza kuona vijipunje vyeupe ukubwa wa kichwa cha pini. Dogo aangalie tena hapo na miwani ya kukuzia kama ipo.

Nilichokuja kusema hasa ni hili la kubadilisha mazao, maana kila uzi wa magonjwa jibu ni badilisha mazao kama vile panadol. Inategemea nani yuko kwenye udongo wako. Yule wa mkaa ni mchaguzi wa chakula, kula yake ni ngano na shayiri na ndugu zao, ukimnyima mwaka mmoja ukaweka ngwara au dengu anapungua sana, hata oti hawezi kuila kirahisi kwa sababu mizizi yake ina kemikali inayomuua. Lakini rizoktonia na pithiamu wanakula karibu kila kitu, ngwara wanakula, magugu wanakula, kwa hiyo ukiweka ngwara ukategemea rizoktonia afe njaa utashangaa. Kwa huyo dawa kubwa ni hiyo ya tarehe aliyosema mzizi_mkuu. Fusari ya kitako yuko katikati, yeye analala ndani ya mabua na vitako vilivyobaki shambani, anasubiri yaoze, kwa hiyo mazao ya majani mapana miaka miwili yanampa muda mabua kuisha. Alizeti sawa, ngwara sawa, dengu sawa. Mahindi kwangu yasiwe chaguo la kwanza, nayo ni ukoo wa nyasi na baadhi ya fusari wanajificha kwenye mabua yake vizuri tu. Kwa hiyo mzee wetu, ngwara yako inatibu ngano ya huyu kaka kuliko inavyotibu shayiri yake.

Kuchoma moto usichome. Unaunguza majani ya juu, kitako kiko ardhini hakiungui na fusari yuko ndani yake amejifunika, wewe umebaki umepoteza mboji na unyevu.

Na ile mbolea ya kukuzia mliyoongeza mapema inaweza kuwa imechangia kwenye ngano. Ukiipa naitrojeni nyingi mwanzoni inajaza majani, majani yanakunywa maji yote, mvua ikikata wakati wa kujaza punje mmea unakua na kiu na fusari anapenda mmea wenye kiu maana kitako kilichoziba hakipitishi maji ya kutosha. Ndo hapo suke linakauka jeupe. Mwaka wenye mvua nzuri mpaka mwisho angeweza kuwemo humo humo usimuone.

Jasiri_wa_Kimara
Jumatano, saa 11 jioni

Dada swali, kuna watu wanauza bakteria kwenye chupa wanasema unapaka mbegu unaua fangasi wote wa udongo, ni kweli au ndo yale yale ya mafuta ya ubuyu? Halafu nliwahi kusikia kwamba ukilima ngano miaka mingi mfululizo ugonjwa unaisha wenyewe, sasa mbona mnamwambia abadilishe

DadaHadubini
Jumatano, saa 2 usiku

Umeuliza maswali mawili ambayo ni kitu kimoja, na ni habari tamu sana hii.

Ni kweli kwa yule wa mizizi ya mkaa. Ukipanda ngano mfululizo, ugonjwa unapanda kila mwaka mpaka unakaribia kukata tamaa, alafu baada ya miaka kama minne mpaka sita hivi unaanza kushuka wenyewe na kutulia. Watu waliliona hili sehemu nyingi za dunia. Kule Pullman, jimbo la Washington Marekani, kina James Cook na David Weller walikaa nalo miaka mingi, wakakuta kwamba ukichukua udongo kidogo wa shamba lililotulia ukachanganya kwenye udongo wenye ugonjwa, nao unatulia, na ukiupasha ule udongo joto kuua viumbe uwezo unapotea. Maana yake sio kemia ya udongo, ni kiumbe hai. Ni bakteria wa kundi la Pseudomonas wanaoishi kwenye mizizi ya ngano wanatengeneza sumu ya asili inayomkaba yule fangasi. Mizizi iliyougua inawalisha, wanaongezeka, wanageuka walinzi. Ukipumzisha ngano ukapanda kitu kingine muda mrefu, walinzi wanapungua.

Kwa hiyo aliyekwambia hakukudanganya. Ila hiyo ni kwa fangasi huyo mmoja, na mleta uzi mizizi yake sio mkaa. Akisema asubiri fusari atulie kwa kurudia ngano atasubiri na bajaji ishachakaa. Na hiyo miaka katikati unalipa wewe, walinzi hawalipi.

Za chupa, kanuni ni ya kweli lakini bakteria aliyezaliwa kwenye udongo wa Pullman hana lazima ya kuishi Hanang, na aliyekaa dukani juu ya rafu jua la Kariakoo limempiga miezi sita sijui kama ni bakteria tena au marehemu. Uliza imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa zao gani na ugonjwa gani, iko kwenye lebo. Hata dawa za kawaida za kuvisha mbegu uliza hivyo hivyo, ya pithiamu sio ya rizoktonia, maana pithiamu sio fangasi kamili, kiukoo yuko karibu na mwani wa baharini kuliko hao wengine, anahitaji dawa kama metalaksili. Na zote zinalinda mche wiki za mwanzo tu, haziponyi shamba.

MkulimaWaSimu
Jumatano, saa 4 usiku

Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo kwa msimu huu hakuna cha kufanya?

mzizi_mkuu
Jumatano, saa 4 usiku

Hakuna mkuu. Vuna kilichopo, usiweke hela nyingine juu yake.

DadaHadubini
Alhamisi, saa 1 asubuhi

Kuna kimoja, sampo, na ni sasa wakati mimea bado ina uhai. Ichimbwe ya shayiri na ya ngano, kila moja peke yake, pamoja na mizima, ikung'utwe udongo mwingi lakini isioshwe, ifungwe kwenye magazeti alafu kwenye boksi, isiwe kwenye mfuko wa plastiki wenye maji itafika imeoza tutakuta ukungu wa safarini. Iandikwe imetoka wapi, ilipandwa lini, ilipigwa nini. Jumatatu ndo siku nzuri isije ikalala wikiendi stendi. Kutoka Katesh karibu yako ni Arusha, TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo, wanajua ngano na TPHPA wako Ngaramtoni, au SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, kama unapitisha huku, ila wapigie kwanza ujue wanapokea nini na kwa bei gani.

MzeeWaTrekta
Alhamisi, saa 2 asubuhi

Na nondo?

MkulimaWaSimu
Jumatatu, saa 6 mchana

Mzee nondo imegota inchi tano, mara saba kati ya kumi. Umeshinda.

Mrejesho. Boksi limeondoka leo asubuhi na basi la Arusha, nilipiga simu wakasema walete. Tumekubaliana na dogo heka 20 za ngano zinaenda ngwara na alizeti, shayiri tutapanda heka tano tu tujaribu, maotea yanapigwa dawa yakiwa bado mafupi na mwezi wa kwanza tena, trekta lije lisije. Hapo hapo kwenye zile tano dogo anataka aache kipande apande siku tatu tu baada ya dawa kama mwaka huu aone kwa macho yake, nikamwambia wewe unataka kunifilisi ila nimekubali nusu heka.

Kondakta aliposoma kwenye boksi "MIZIZI, USILAZE CHINI" akamuuliza dogo kama ni dawa ya kienyeji, akamwambia ndio, ya shayiri. Kamtoza elfu tano ya ziada.